Drafti yangu imesomwa yote, mpaka jedwali la mwisho

Jumanne iliyopita saa nne asubuhi, nje mvua ya hapa Glasgow, Uingereza, ile ya manyunyu isiyojua kukatika, naingia ofisini kwa msimamizi wangu nakuta drafti ya utafiti wangu mezani imejaa kalamu ya kijani. Kurasa 22. Nilimtumia Ijumaa jioni. Ameisoma yote jamani, mpaka jedwali la mwisho kule nilikokosea kujumlisha, pembeni kaandika hesabu haziendi tukae tuziangalie. Tukakaa. Saa nzima, simu yake kaifunika, mlango kaufunga. Nilipotoka nikajifungia chooni nikalia.

Kwa mtu wa hapa hiyo ni Jumanne kama Jumanne nyingine. Wewe uliyewahi kufanya utafiti kwetu Tanzania unajua nililia nini.

Mimi kule Mwanza nimekaa kwenye benchi la korido miezi minne nikisubiri sura ya kwanza irudi. Unafika saa mbili unaambiwa Dokta yuko kikaoni, unarudi saa nane Dokta katoka, kesho yuko semina Dodoma, wiki ijayo kasafiri. Siku moja nikaiona drafti yangu dirishani kwake, alama ya kikombe cha chai imekaa juu ya jina langu, na ukurasa wa kwanza haujafunuliwa. Halafu siku nikapigiwa simu nije haraka, nikachukua boda kutoka Igogo moyo unadunda nikijua leo imesomwa, kumbe naitwa niende stendi ya Nyegezi nikampokee mgeni wake. Nikaenda. Ungekuwa wewe ungekataa? Mkono wa kusaini ni wake.

Ninachofanyia utafiti ni unene uliokithiri na usawa wa afya, yaani nani ananenepa, kwa nini yeye, na akiugua nani anamhudumia vizuri na nani anafokewa. Si jambo la wazungu hili. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2010 nchini kwetu uliwakuta wanawake 22 katika kila 100 wana uzito uliozidi au unene, ule wa 2015-16 ukawakuta 28. Miaka mitano tu! Kina mama wenyewe ni hawa hawa tunaowajua, presha, sukari, magoti. Na hapa Uingereza ni mitaa ya maskini ndiyo inayonenepa zaidi, wakati kwetu ilianza kwa wenye nacho wa mjini na sasa inashuka taratibu kwa muuza mitumba na mama lishe. Swali la namna hiyo nani wa kulijibu kama si vijana wa kwetu? Lakini kijana huyo anahitaji mtu mzima mmoja wa kusoma alichoandika, na ndipo tunapokwama.

Sasa najua mtakavyosema. Umekaa huko mwaka na nusu ushajiona. Umesahau ulikotoka. Sijasahau, mama yangu kauza dagaa pale Mwaloni Kirumba mpaka nimemaliza chuo na harufu ya lile soko naijua kuliko harufu ya maktaba yoyote ya huku. Tena nawaambia, vitu vingi ninavyomfundisha huyu profesa wangu nimevitoa huko huko. Aliponiuliza mstari wa 30 unamaanisha nini Mwanza (ile namba ya kilo ukigawanya kwa urefu uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, 25 uzito umezidi, 30 ni unene) nilimsimulia wale vijana wa mjini wenye mizani inayoongea. Mama mmoja alipanda nikiwa nimesimama hapo hapo, mashine ikatangaza kwa sauti kilo tisini na nne, wenzake wakapiga vigelegele na mmoja akampa mkono wa pongezi. Maana kwetu ukikonda watu wananong'ona. Sisi tuliokua miaka ya tisini kando ya ziwa tunajua kukonda kulikuwa na maana gani, tumezika majirani nyumba kwa nyumba. Mama wa namna hiyo utamwambiaje apunguze kilo kumi kabla hujaigusa hofu yake? Profesa akaweka kalamu chini, akaniambia hiyo ndiyo sura yako ya pili, kaiandike.

Siku nyingine akaniletea dodoso lao linauliza mtu anakula vipimo vingapi vya mboga na matunda kwa siku, kipimo kimoja gramu 80, wanataka vitano. Nikamwambia kwetu watu sita wanakula sinia moja, mboga iko katikati, hakuna anayejua gramu zake. Na swali la samaki nalo, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya sisi tunaletewa mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa, halafu unakuja kuniuliza nakula samaki mara ngapi kwa wiki bila kuuliza samaki yupi? Akakubali, tukalibadilisha. Kwa hiyo msiniambie nawaabudu wazungu. Nimeona pepa za utafiti uliofanyika kwetu, damu imetolewa kwa watu wetu, jina la kwanza la mgeni, la mwisho la mgeni, na hizo ndizo nafasi za heshima, wa kwetu wamebanwa katikati. Linaniuma. Na linaniuma vile vile ninapokumbuka rafiki yangu aliyezunguka visiwani na mtumbwi miezi mitatu akikusanya data, pepa ilipotoka jina la kwanza likawa la mkubwa wake ambaye hakukanyaga hata kisiwa kimoja.

Mtaniambia huko wana hela. Wanazo kweli, na mimi nazitamani. Lakini kusoma kurasa 22 kunahitaji hela gani? Granti ya nani? Mtaniambia Dokta ana wanafunzi ishirini, wodi inamngoja, vipindi, na watoto wana ada. Hapo nakubaliana na nyinyi kabisa, huku saa za kulea watafiti zimeandikwa kwenye ratiba ya kazi ya profesa, zinahesabiwa, na kwetu kulea ni hisani anayoifanya mtu akipata nafasi, basi na sisi tuziandike, tuache kuwapandisha watu vyeo kwa kuhesabu pepa peke yake. Wapo pia walimu kwetu wanaosoma, mmoja alinisomea kazi yangu usiku kwa tochi umeme umekatika na wala sikuwa mwanafunzi wake, Mungu ampe maisha marefu. Shikamoo sina ugomvi nayo, namwamkia mkubwa wangu mpaka leo na hata huyu wa huku anataka nimwite kwa jina lake tu ulimi unakataa. Heshima na kusomewa kazi yako vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Neno linalonipandisha hasira ni lile la hata sisi tulisoteshwa na tukafika. Mlifika wangapi? Na wale walioachia njiani, wenye maswali mazuri kuliko yangu, wako wapi leo? Ninao watatu ninaowajua, mmoja ana duka la vifaa vya simu pale Igoma.

Na Glasgow si peponi, mitaa ya maskini ya hapa watu wanatangulia mbele ya haki miaka mingi kabla ya wenzao wa mitaa ya matajiri, mji mmoja huo huo. Nisiwadanganye.

Mimi nimeamua nifanye ninachokidai. Kila Jumamosi saa tatu usiku ya kwetu niko WhatsApp na dada mmoja muuguzi anayepima viuno vya wafanyabiashara wa dagaa pale pale Mwaloni. Utepe unatakiwa ukae katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, sasa pale sokoni hadharani mama kajifunga khanga mbili utapimaje? Vitabu vyangu vyote havina jibu. Yeye alikwenda akaongea na mama mwenye stoo, wakapanga magunia ya dagaa yakawa ukuta, khanga ikawa pazia, kina mama wakaanza kupanga foleni wenyewe. Nilipolisoma hilo nilisimama kwenye kiti. Amelitaja kwa mstari mmoja tu kama kitu kidogo, nikamwandikia pembeni, mdogo wangu hapa panua, hapa ndipo utafiti wako ulipo.

Kanitumia kurasa 9. Nimefika ya 6. Nimemwahidi Jumamosi, na Jumamosi atazipata zote.