Maji Tele, Rejeta Hamna

Ami yangu anaishi Maskati, na gari anayoipenda kuliko ndugu zake wote iko kwangu Mwanakwerekwe: Karmann Ghia ya 1963, nyekundu, imelala chini kama kasa. Sura ya gari la mashindano. Injini ya Volkswagen ya kawaida, cc 1192, nguvu za farasi 34. Daladala zinatupita zikipiga honi za huruma.

"Iwashe kila Ijumaa, basi," aliniusia. Mimi nikaipeleka harusini Nungwi.

Tulipofika Mahonda ikawaka taa ndogo nyekundu. Mama watoto akaiuliza. Nikamwambia ni ya chaji, na mchana kweupe huu chaji tunaitaka ya nini? Kinyasini akasema kunanuka moto. Mimi nilikuwa na mafua, sisikii harufu ya kitu, lakini gari ilikuwa haivuti tena. Nikasimama chini ya mwembe.

Hadhara ikajaa: watoto wa chuoni na mabuku yao, muuza mbatata, mzee mmoja na gari lake la ng'ombe, anatafuna muwa.

"Imekauka maji," nikatangaza. Injini iko nyuma, hilo nalijua, sikuzaliwa jana. Lakini rejeta lazima iwe mbele, ikutane na upepo. Nikafungua boneti. Tairi la spea, na kifuniko cha chuma, kipana. Ndicho hicho!

Rejeta ya moto haifunguliwi ovyo. Nikawarudisha watoto nyuma hatua kumi, nikaomba kanga ya mama watoto, nikakifunika kifuniko, nikageuza uso, bismillahi, nikazungusha. Kimya. Chuma baridi kama birika la sharubati.

"Mnaona kazi ya Mjerumani?" nikasema.

Madumu mawili ya lita tano yakaingia. Gari ikawaka, tukapigiwa makofi, ikaenda mpaka kwenye minazi, ikakohoa, ikazima.

Mzee akatufikia na ng'ombe wake bila haraka.

"Mwanangu, yale maji umetia wapi?"

"Kwenye rejeta, mzee."

"Gari hii ina rejeta?"

Kumbe ujana wake wote aliumalizia gereji. Akanizungusha nyuma, akafungua. Mkanda umekatika, umelala kama mjusi aliyekanyagwa. Mkanda ule ndio unaozungusha dainamo, na feni imekaa kwenye ekseli hiyohiyo ya dainamo, ndani ya lile bati la duara. Feni inavuta upepo na kuusukuma kwenye silinda, zenye mapezi kama ya samaki, na kwenye kipoza oili. Maji hayana kazi humo, hata tone. Mkanda ukikatika, dainamo na feni husimama pamoja, na taa nyekundu inakwambia nawe usimame.

"Na kile kifuniko cha mbele?"

"Tangi la petroli, mwanangu."

Mama watoto aliketi chini na viatu vyake vya harusi, akacheka mpaka wanja ukamshuka. Mzee akaeleza kwa upole kwamba maji ni mazito kuliko petroli, hutua chini ya tangi, kwa hiyo injini imeyanywa yale kwanza. Kisha akafunga kamba. Nungwi tuliingia tukivutwa na ng'ombe, vigelegele vikapigwa, walidhani tumelipia.

Usiku ami akapiga simu. "Vipi gari?"

"Nzima, ami. Ilichemka kidogo, nikaitia maji."

Kimya. Kisha nikamsikia anamwuliza mkewe ndege ya Unguja inaondoka saa ngapi.