Usimshike shingo nyoka mdogo mweusi

Kila nyoka anapochimbuliwa bustanini hakosi mtu wa kusema: mbane kwa fimbo, mshike nyuma ya kichwa, hataweza kukuuma. Kwa Atractaspis, nyoka mwembamba anayeishi chini ya udongo na anayepatikana Kenya na Tanzania, kumshika hivyo ndiko kuumwa kwenyewe. Meno yake ya sumu ni marefu kupita kiasi, na huchomoza moja kando ya mdomo ukiwa umefumbwa, akachoma kwa kuvuta kichwa chini na nyuma. Kidole kilichombana shingo kiko pale pale jino linapofika.

Kwa hiyo mtazame bila kumgusa. Laza ndoo ya lita 20, msukumie ndani kwa ufagio wa mpini mrefu, kisha isimamishe. Chombo kirefu cha plastiki kinachoonyesha ndani ni bora zaidi, maana kinachotafutwa ni magamba ya upande wa tumbo.

Magamba ya tumbo yakiwa madogo sawa na ya mgongo, na macho ni vitone tu chini ya gamba, huyo ni nyoka kipofu, mla mayai ya mchwa na sisimizi. Yule wa vyungu vya maua, Indotyphlops braminus, kwa kawaida hazidi sentimita 17; wote ni majike na huzaa bila dume, ndiyo maana mmoja aliyeletwa na chungu anatosha kujaza bustani. Ncha ya mkia wake hudunga kidogo, lakini haina sumu. Akiwa na pete mwili mzima kama nyungunyungu, si nyoka: mkavu ni jamaa wa mijusi, mtelezi ni jamaa wa vyura, kama wale wa milima ya Taita na Usambara.

Watu huwaita wote ndumilakuwili, kwa sababu mkia butu hufanana na kichwa. Jina hilo halikusaidii kitu, kwani Atractaspis naye ana mkia mfupi.

Magamba ya tumbo yakiwa mapana, yamepangana kama ngazi, hapo ogopa. Atractaspis ni mweusi au kahawia iliyokolea, macho madogo sana, urefu mara nyingi sentimita 30 hadi 50. Akisumbuliwa hupinda shingo na kuelekeza pua ardhini. Wako weusi wasio na madhara wanaofanana naye mno. Nyumbani, kila mweusi mwenye tumbo hilo mhesabu kuwa ndiye. Hutoka usiku baada ya mvua, basi vaa viatu, si kandambili.

Akichoma, vua pete kabla kidole hakijavimba. Usikaze kamba, usichanje, na jiwe la nyoka liache. Nenda hospitali, kwa maana maumivu ni makali na nyama ya kidole yaweza kuoza. Dawa za kupambana na sumu ya nyoka zinazotumika Afrika hazizuii sumu yake, na zinaweza kuleta mzio mkali, hivyo picha ya kichwa, mwili na ncha ya mkia humsaidia daktari kuamua. Nyoka mwenyewe usimbebe hata akiwa amekufa: kichwa kilichokatwa bado huchoma.