Eti Namba Tasa!

Jamani hivi nani kawaambia walimu kwamba homuweki ni ya mzazi? Nauliza tu. Maana jana katoto kakaja na daftari, "Baba, hii ni namba tasa?" Yaani ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Naangalia: 4294967297. Hebu isome kwa sauti, ukimaliza utaomba maji.

Nikamwambia kaa hapa ujifunze, nikavaa miwani. Inaishia na 7, mbili na tano nje. Nikajumlisha tarakimu zote, 59, tatu nayo nje, nikajiona profesa. Nikagawa kwa 7 ikabaki 5, kwa 11 ikabaki 5 ileile, nikaanza kuhisi nadhihakiwa. 13 ikabaki 10, 17 ikabaki 2, mtoto kashalala shavu juu ya daftari, mama yake kapita kaniangalia hajasema neno na kule kutosema ndiko kulikoniuma, mimi nagawa tu kwa penseli maana kushika simu ingekuwa aibu. Saa nane usiku niko 631. Mia sita thelathini na moja jamani! Nikasema basi, hii haina kitu, nikaandika TASA kwa herufi kubwa, mistari miwili chini, nikaenda kulala kifua mbele.

Asubuhi katoto na simu yake: "Baba, mbona inagawanyika kwa 641?"

Tasa inayofuata baada ya 631 ni ipi? Ndiyo hiyohiyo 641! Nimeishia mlangoni. 641 mara 6700417, nimezidisha mara tatu natafuta kosa, hamna.

Angalau sikukosea peke yangu. Hii ni mbili thelathini na mbili zikizidishana, ongeza moja, na mwanahisabati Fermat wa Ufaransa mwaka 1640 aliamini ukoo wake wote (mbili moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili na kuendelea hivyo zikizidishana, ongeza moja) ni tasa, mpaka mwanahisabati mwenzake Euler akaja kuiumbua 1732. Yaani miaka 92 unaitwa tasa mbele za watu kumbe una watoto wawili, na tasa wenyewe ni hao watoto! Mimi ningeshtaki.

Kilichonimaliza ni kwamba kigawo chochote cha namba hii ukikitoa moja lazima kinachobaki kigawanyike kwa 64. Kwa hiyo unajaribu tasa za namna hiyo tu, 193, 257, 449, 577, ya tano ndo yenyewe. Tano! Mimi nimejaribu tasa 115, kwa mkono!

Na penseli ilikuwa mpya, imebaki kipande cha kushikia kwa kucha, kichongeo nacho nikiuliza naambiwa kiko palepale, palepale wapi sasa? Halafu katoto kanapita kananiambia ya leo ina tarakimu ishirini. Miwani yangu mnayo nani?