Honda CB750 na mabomba yake manne: kuyaacha au kuyang'oa?

Msimamishe mpenda pikipiki mbele ya Honda CB750 ya mwaka 1969 kisha fuatisha macho yake. Yatapita kwenye tangi na breki ya diski ya mbele, ila yatatulia chini, kwenye mabomba manne ya moshi, mawili kila upande. Silinda nne, ekzosi nne: aliyeachwa nyuma barabarani enzi hizo alijua bila kuuliza ni kitu gani kimempita. Ukiyang'oa mabomba hayo, watetezi wa uasili wanasema, umebaki na injini ya cc 736 kwenye fremu, lakini sura yenyewe umeifuta.

Tatizo ni kwamba mabomba yameoza. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji pamoja na moshi, na safari fupi haiipashi sailensa joto la kutosha kuyakausha maji hayo. Yanatuama ndani na kula bati taratibu huku kromu ya nje ikimeremeta, hadi siku mwenyewe anapofuta kwa kitambaa na kidole kikazama. Seti mpya ya mabomba manne yaliyoigwa kutoka yale ya awali ni ghali, ghali mno kuliko ekzosi ya kununua pembeni inayokusanya mabomba manne kuwa moja. Wengi wanaobadili, tuseme ukweli, wanaanzia kwenye bei. Habari za nguvu za injini huja baadaye, kama utetezi.

Na utetezi huo una mashiko. Moshi unaotoka kwa kasi kwenye silinda moja, ukifika pale mabomba yanapokutana, huacha nyuma yake mvuto mdogo unaosaidia kuisafisha silinda inayofuata. CB750 huwasha silinda zake kwa zamu ya 1-2-4-3, moja kila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka nusu, kwa hiyo mapigo hayo hufika kwenye makutano kwa mpangilio sawa. Hideo Yoshimura, fundi wa Kijapani aliyezitengeneza Honda hizi kwa ajili ya mashindano, alikuwa akitumia bomba la nne-kwa-moja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Honda wenyewe walilileta kutoka kiwandani mwaka 1975, kwenye CB400F na CB750F. Basi anayeliita bomba hilo uhuni wa vijana wa leo hajaisoma historia ya pikipiki anayoitetea.

Hata hivyo, CB750F ya 1975 haikutoka kiwandani ikiwa CB750K, ile ya mabomba manne, iliyobadilishwa bomba tu. Mvuto ule hufanya kazi vizuri katika mizunguko fulani ya injini, kulingana na urefu na unene wa mabomba. Nje ya hapo haupo, au unageuka kizuizi. Ukifunga sailensa inayopitisha moshi kwa wepesi kuliko ile ya awali na ukaacha kabureta nne zilivyo, hewa inazidi mafuta. Plagi zinageuka nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi, na ukiachia mafuta kwenye mteremko inalipuka pa! pa! pa! Dawa yake inajulikana: jeti kubwa zaidi (vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta), kisha kusawazisha kabureta zote nne na kusoma rangi ya plagi tena na tena. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo ananunua kelele, na kwa kuwa kelele huhisiwa kama mwendo, atakuapia kwamba pikipiki imeongezeka kasi. Vijana wanaotoboa sailensa za bodaboda wanakula kiapo hichohicho.

Kuhusu sheria sitakaa sana, maana umri wa pikipiki unaipa nafuu. Marekani, masharti ya serikali kuu ya kugonga muhuri wa kelele kwenye ekzosi yanahusu pikipiki zilizoundwa kuanzia 1983. Jirani anayelala dirisha la pili hajali mwaka wa kuundwa.

Kinachonikera zaidi kwenye mjadala huu ni jambo ambalo pande zote mbili hulipita: kazi ya spana. Bolti za milimita 6 zinazoshika shingo za ekzosi zimekaa kwenye kichwa cha alumini kwa nusu karne, zikipashwa moto na kupoa. Ukizilazimisha zikiwa kavu, zinakatika humo ndani, na ile ekzosi ya bei nafuu inageuka kazi ya kutoboa kichwa cha injini na kutengeneza nyuzi upya. Mafuta ya kulegeza yapakwe siku kadhaa kabla. Halafu kuna chujio la oili, ambalo kwenye CB750 liko mbele ya injini, nyuma ya mabomba. Baadhi ya ekzosi za nne-kwa-moja hupita mbele yake kwa namna ambayo huwezi kulitoa bila kushusha ekzosi nzima. Nyingine hugombana na stendi kubwa. Muulize muuzaji maswali hayo mawili kabla ya kumuuliza juu ya sauti.

Mimi naegemea wapi? Kama mabomba manne ya awali bado ni mazima, hasa kwenye zile za miaka ya mwanzo, sioni sababu ya kuyagusa. Kama yameoza, nne-kwa-moja yenye sura ya miaka ya 1970 ni chaguo la haki, mradi fremu isikatwe wala kuchomelewa kipande ili bomba lienee. Na yale yaliyooza yasiende kwa mnunua chuma chakavu. Shingo zake mara nyingi huwa nzima hata sailensa ikiwa imekwisha, na vishikio vyake ni spea ambazo mnunuzi wa baadaye atazitafuta kwa tochi. Yamwage maji yote, yapake oili ndani, yafunge kwa magunia na uyatundike darini, mdomo ukitazama chini.