Programu huria si wizi

Naomba kutofautiana na mwandishi aliyeziweka programu huria (zile ambazo leseni yake inamruhusu kila mtu kuzitumia na kuzigawa) na programu za wizi katika kapu moja. Leseni ya GPL, ambayo programu nyingi huria huitumia na iliyotolewa mwaka 1989, inamruhusu yeyote kunakili, kurekebisha na kugawa programu, mradi anayeipokea apate haki hizo hizo; kwa hiyo kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, anayemwekea mteja VLC (programu ya kuchezea video yenye leseni hiyo) kutoka kwenye flashi yake, hata akilipwa, hana kosa, tofauti na yule anayeweka Windows isiyolipiwa na kuzima masasisho ili isigundulike. BitTorrent nayo si wizi, ni njia tu ya kusafirisha mafaili mtandaoni: huyakata vipande na kukikagua kila kimoja, hivyo umeme wa Bukavu ukikatika (na hukatika!) nikiwa napakua Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kazi huendelea pale ilipoishia.