Aleji ya nini? Swali linalorukwa kwenye foleni ya homa ya manjano

Dereva niliyekaa naye benchi moja tukisubiri sindano ya homa ya manjano alikuwa na safari ya Lubumbashi. Mzigo umeshapakiwa, lori liko yadi, kilichobaki ni kadi ya njano tu, maana mpakani Kasumbalesa, pa kuingilia Kongo, wanaidai. Zamu yake ilipofika, muuguzi akauliza bila kuinua uso: "Una aleji yoyote?" Jamaa akakiri anayo. Kalamu ikasimama. "Basi siwezi kukuchoma, kaka. Nenda kwanza kwa daktari."

Aleji yenyewe, aliniambia tukiwa nje, ni ya salfa. Miaka mingi nyuma alipewa vidonge akatoka vipele mwili mzima, na tangu siku hiyo kila daftari lake la kliniki limebeba neno hilo. Sasa, salfa haimo kwenye chanjo ile. Wala penisilini haimo. Hizo ndizo aleji ambazo watu wazima wengi huku kwetu huzitaja haraka wakiulizwa, na hazina uhusiano wowote na sindano aliyoifuata. Hata pumu, mafua ya vumbi au ukurutu, peke yake, si sababu ya kumnyima mtu chanjo. Mwenye pumu ndiye anayeihitaji zaidi chanjo ya mafua makali, kwa sababu mafua hayo yakimshika humbana kifua kuliko mwingine.

Lakini sitaki kumbebesha sista lawama yote. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kuheshimiwa. Virusi vyake vilivyodhoofishwa vilipatikana miaka ya 1930 kwa kazi ya Max Theiler na wenzake mjini New York, na mpaka leo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku yaliyoanza kufanya kifaranga. Ndiyo maana protini ya yai hubaki kwenye dozi, na baadhi ya chanjo hizo huwa na jelatini pia. Mtu ambaye akila yai hubanwa koo, huvimba midomo au huzimia, hapaswi kuchomwa hivi hivi tu. Takwimu za Marekani zinaonyesha mzio mkali wa ghafla hutokea karibu mara moja kwa kila dozi 100,000 za chanjo hii, wakati kwa chanjo nyingi nyingine ni karibu mara moja kwa kila dozi milioni moja. Bado ni nadra, ila tofauti ya mara kumi si ya kudharau. Chanjo ya mafua nayo aghalabu hupitia kwenye mayai, lakini kinachobaki ni kidogo mno, kiasi kwamba tangu 2023 Marekani haidai tahadhari ya ziada kwa mwenye aleji ya mayai. Mayai ni yale yale, hukumu mbili.

Wanaotetea tahadhari pana hupenda kukumbusha yaliyotokea Uingereza. Tarehe 8 Desemba 2020 nchi hiyo ilianza kuchanja watu dhidi ya Uviko-19, na siku hiyo hiyo wahudumu wawili wa afya, wote wenye historia ya aleji kali, wakapata mzio mkali. Walitibiwa wakapona. Kesho yake mamlaka ya dawa ikatangaza kwamba yeyote mwenye historia ya aleji kubwa asichanjwe. Mwezi haujaisha, katazo likapunguzwa: wakabaki wenye aleji ya kitu kilichomo ndani ya chanjo yenyewe. Mimi naona walifanya sawa mara zote mbili. Siku ya kwanza hujui moto unatokea wapi, unatoa watu wote nje. Ukishajua ni jikoni, huna sababu ya kuwaacha waliolala sebuleni wakeshe uani. Vituo vyetu vingi vimebaki kwenye hatua ya siku ya kwanza.

Na kumzuia mtu kuna gharama zake. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua, na wagonjwa wanaofikia hatua ya kutokwa damu na macho kuwa ya njano, karibu nusu hufa. Mwaka 2016 ililipuka Angola ikavuka hadi Kongo, na Kinshasa ikabidi dozi moja igawanywe kwa watu watano. Mwaka 2022 ilizuka Isiolo, Kenya. Kwa dereva anayelala ndani ya lori huko njiani, kukosa kinga ni hatari yenyewe. Mtu wa Nairobi anayekwenda harusini Zanzibar hali yake ni nyingine: anaingia mahali ambapo ugonjwa huo haupo, na kadi anaidaiwa kwa sababu ya alikotoka. Huyo akiwa na aleji ya kweli ya mayai, mimi ningemshauri barua.

Barua ya daktari inakubalika kisheria. Kanuni za afya za kimataifa zinaruhusu daktari aeleze kwa Kiingereza au Kifaransa kwa nini mtu asichanjwe, na maofisa wa mpakani wanatakiwa kuizingatia. Kuizingatia si kuipokea tu na kukupisha, wanaweza kukuweka chini ya uangalizi. Asiye na kadi anaweza kuzuiwa hadi siku sita, na tajiri mwenye mzigo hasubiri siku sita. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kuuza kadi bila sindano. Kila anayerudishwa nyumbani bila sababu ni mteja wake.

Kuna chanjo moja ambayo mjadala huu haupo kabisa. Ukiumwa na mbwa mwenye kichaa, hata kama una aleji gani, unachomwa, ila karibu yako panakuwa na adrenalini, sindano ya kumwokoa aliyepata mzio mkali. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakirudi nyuma. Adrenalini hiyo hiyo, nusu miligramu kwenye msuli wa paja, ndiyo inayofanya chanjo nyingine zote zivumilike, pamoja na dakika kumi na tano za kukaa benchi baada ya kuchomwa, au nusu saa kwa mwenye historia. Mzio mkali mara nyingi hujitokeza ndani ya muda huo. Mimi nilipomaliza nilionyeshwa mlango. Nikauliza nikae wapi, nikaambiwa, "We nenda tu, ukijisikia vibaya urudi."

Dereva wangu alirudi baada ya saa moja na nusu na kikaratasi. Daktari hakumpima chochote. Alimuuliza salfa ilimfanyaje, kisha akamuuliza kama anakula mayai. Jamaa alicheka sana akinisimulia. Mtu anayeshinda barabara ya Tunduma, miaka kumi na moja sasa, chakula chake cha jioni ni chipsi mayai.