Kabati Lilipong'ang'ania Kikoi

Kule Mombasa, ukija shule na nguo za kulalia unarudishwa nyumbani ukamlete mzazi. Huku Minnesota, kwenye vitongoji vya Minneapolis, shule yenyewe ndiyo inayotangaza kwa kipaza sauti: kesho kila mtu aje alivyolala! Ilikuwa wiki ya Homecoming, waliomaliza zamani wanapokaribishwa kurudi. Ijumaa usiku kuna futiboli, ile ya helmeti, Jumamosi dansi, na kabla ya hapo kila siku ina vituko vyake vya mavazi.

Wenzangu wakaja na pajama za manyoya na slipa zenye masikio ya sungura. Mimi hulala na kikoi, basi nikaja na kikoi, tena cha baba, matamvua hadi chini. Baridi ya Oktoba ilinipuliza mpaka magotini, lakini sifa zilianzia kwenye basi la njano, nikavimba kichwa.

Sasa, shule hizi mwalimu hahami, anayehama ni mwanafunzi. Kengele ikilia una dakika 5 za kutoka Historia hadi Hesabu, na hapo katikati upitie kabati lako la chuma ukutani. Kufuli lake ni la kuzungusha: kulia mizunguko mitatu usimame namba ya kwanza, kushoto uipite ya pili kisha uirudie, kulia tena hadi ya tatu. Nikatoa kitabu, nikaupiga mlango kisigino kwa maringo, nikaondoka.

Kikoi hakikuondoka.

Kimebanwa palepale kwenye komeo. Nikazungusha namba, zote sahihi. Komeo limekabwa na kitambaa, halisogei. Nikavuta. Fundo la kiunoni likaanza kulegea. Nikaacha kuvuta upesi, maana ndani nilikuwa na chupi tu, na chupi yenyewe aliichagua mama: rangi ya chungwa, imejaa vifaranga vya bata.

Watu wakapita, wakaisha. Kengele ya pili ikalia. Akatokea mwalimu wa doria. Hawa hawakuulizi una shida gani. Wanauliza kibali kiko wapi, kwani bila kikaratasi hata msalani huendi.

"Sina, mwalimu."

"Basi nenda darasani."

"Siwezi."

Nikamwonyesha. Akageukia ukuta, mabega yanamtikisika, akaongea na redio yake ya mkononi.

Mzee wa matengenezo akaja na bunda la funguo. Kufuli likageuka, komeo likagoma. Akaniagiza nivute huku yeye akiusukuma mlango kwa goti. Moja, mbili... mlango ukafyatuka, mimi nikaenda chini, kikoi kikabaki kabatini.

Na bendi nzima ya shule, na matarumbeta yao, ndipo ilipokuwa inakata kona kwenda mazoezini. Wakasimama. Hakuna aliyecheka. Kisha yule wa ngoma kubwa akapiga mara moja tu: du!

Hesabu niliingia na kikaratasi cha kuchelewa. Mahali pa sababu, mwalimu wa doria alikuwa ameandika: "Bata."